Leseni ya Lori na Gogo la Maneromango

Niliondoka Maneromango kwa sababu ya macho ya mtu mwingine. Dereva wetu, Mzee Mwinyikambi, macho yalimwingia ukungu, na tajiri mwenye lori akaniambia mimi utingo: "Jumamosi nikuone na leseni, la sivyo lori nampa mtu wa Mlandizi." Kuendesha Mzee alishanifundisha. Karatasi ndiyo sina. Miaka saba nimelala juu ya magunia ya mihogo, halafu mtu wa Mlandizi!

Jumatatu alfajiri nikatia gogo langu mfukoni, mfuko wa ukindu. Lori letu breki ya mkono ilikufa zamani. Likisimama mlimani, utingo huruka akaweka gogo nyuma ya gurudumu. Mke wangu akacheka: "Baba Asha, unafuata leseni au unauza kuni?"

Jumanne, Kisarawe. Nikampa karani wa boma barua ya jumbe wetu wa kijiji, akaigeuza juu chini. "Mhuri umefifia. Rudi ukagongewe mwingine."

"Bwana karani, mhuri wa jumbe ni huo huo, mkongwe kuliko jumbe mwenyewe."

Akanikalisha juani hadi alasiri. Alipotaka kufunga ofisi, mhuri ukaonekana vizuri tu. Akasema mkaguzi wa madereva yuko Kibaha, kwenye kambi ya barabara. Haya, miguu tena! Na viatu nilivyoazima vya shemeji, yule mwenye vidole vifupi.

Jumatano jioni nikafika Kibaha. Alhamisi asubuhi Mzungu mkaguzi akaketi kando yangu ndani ya lori la kambi, askari wake Mnyamwezi nyuma. Nikaendesha vizuri, wallahi. Kilimani akasema: simama. Nikasimama. Kufumba na kufumbua niko chini, gogo mkononi, nachuchumaa nyuma ya gurudumu. Kitini hakuna mtu! Mzungu ndiye aliyeikamata breki, uso mwekundu kama ngeu.

Askari akashika mbavu. "Mtani wangu Mzaramo! Gari unaliendesha au unalizalisha?"

"Nyamaza, mla panya we!"

Mtihani nimeanguka. Nikaomba, nikabembeleza, akakubali kesho, mara moja tu. Kutwa nzima nilijitukana.

Ijumaa nikamwachia askari gogo. Kilimani pale pale: simama. Miguu ikaniwasha kuruka. Paja nikalifinya mpaka likavimba, nikavuta breki ya mkono, nikabaki. Nikapewa leseni. Askari akanirudishia gogo: "Chukua mtoto wako."

Jumamosi adhuhuri nikafika nyumbani, sehemu kwa miguu, sehemu juu ya lori la mkaa la watu. Tajiri akaitazama leseni kama anatafuta kosa, akapanda kando yangu, tukaondoka na mzigo. Utingo mpya hajapatikana. Mlima wa kwanza tu, lori likazima.

"Gogo!" akapiga kelele, kwa mazoea.

Mguu wangu uko kwenye breki. Nilichojifunza safari ile nzima ni hiki: dereva ndiye anayebaki kitini.

"Liko miguuni pako, bwana tajiri," nikamwambia. "Teremka upesi."

Akateremka, na kanzu yake nyeupe.