Mabati ya Mama na Swali la Baba

Enzi zile miwa ikiwa mfalme, sisi watoto wa njia ya Mumias tulijua hali ya hewa kwa pua. Upepo ukileta harufu tamu ya molasi kutoka kiwandani, tulianua nguo, mvua iko njiani. Watoto wa leo huuliza simu kama mvua itanyesha, na bado wananyeshewa.

Trekta la miwa lilipopanda kilima karibu na kanisa letu lilipunguza mwendo, nasi tulichomoa kila mtu muwa wake tukatimua mbio. Tulimenya kwa meno. Meno hayo ninayo yote, na yametafuna katika hoteli ambazo wengi wenu mmeziona kwenye kalenda tu. Nina diploma ya usimamizi wa hoteli. Nimefanya kazi Dubai, nimerudi, nimejenga nyumba ya vigae hapa mtaa wa Shieywe kwa jasho langu. Nasema haya ili mjue anayewasimulia habari za paa la nyasi ametoka wapi.

Baba alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, na Walutheri pale kwetu tulijaza mabenchi manne, la tano nusu. Baba ndiye aliyepiga kengele, ndiye aliyefagia, ndiye aliyesoma somo. Alijengea chemchemi ya kijiji mawe kwa mikono yake, akawachimbia kaburi hata watu wa makanisa mengine. Jirani yetu Mama Naliaka, mjane wa kanisa la ngoma, hakuacha kumtania.

"Mzee, nyinyi Walutheri mnaimbanga kama watu wanasinzia! Wawili wakikohoa, ibada imekwisha."

"Tunaimba polepole, mama," Baba alimjibu, "ili Mungu ashike maneno."

Jioni, obusuma, ugali wetu, ukiwa bado unafuka moshi, Baba alitufundisha amri za Mungu kwa ajili ya kipaimara. Ukishataja amri, aliuliza, "Na maana yake ni nini?" Hukugusa chakula kabla hujajibu. Nimekula obusuma uliopoa mara nyingi kuliko moto. Swali hilo lilimkaa mdomoni hata akalitumia kwa kila jambo. Ukimwambia umeosha sufuria, "Maana yake ni nini?" Yaani, na nje pia?

Mama alikuwa na haja moja tu, mabati. Nyasi za nyumba yetu zilikuwa zimeoza, na mvua ikianza tulipanga makarai na sufuria sakafuni kama watu wanaotandika meza. Akina mama wa kanisa walikutana kwa zamu nyumbani kwa kila mmoja, na Mama hakuwa amewahi kuwakaribisha kwake, kwa aibu. Baba alimwahidi kwamba miwa yetu ya kwanza ikikatwa, mabati yatapanda kabla ya masika, na zamu yake itamkuta mahali pakavu. Tulingoja miezi. Hatimaye tukaambiwa wakataji na trekta wangefika Jumamosi.

Ijumaa mchana Mama Naliaka alichoma maganda ya maharagwe kando ya miwa yake, akaenda kuteka maji. Upepo ukafanya kazi yake. Kijiji kizima kilikimbia na matawi mabichi, Wakatoliki, Makweka, watu wa ngoma na mabenchi yetu manne. Moto ulipozimika, shamba lake lote lilikuwa jeusi. Kila mkulima anajua kwamba muwa ulioungua haungoji. Siku chache tu unachacha, na kiwanda hakiutaki. Mama Naliaka aliketi kwenye majivu, na siku hiyo hakumtania mtu.

Jumamosi asubuhi Baba aliwapokea wakataji penye njia panda, akawaelekeza kushoto, kwa Mama Naliaka.

"Mzee," mnyapara alimwonya, "ukipoteza zamu unarudi mwisho wa foleni. Hatujui ni lini."

"Yangu ni mibichi bado," Baba alisema. "Itangoja."

Baba aliporudi nyumbani, Mama alikuwa mlangoni. "Baba Nafula, na mabati yangu?"

"Tumeamriwa tusitamani cha jirani," Baba alianza.

"Na maana yake ni nini?" Mama akamkata. "Kwamba mimi ninyeshewe?"

Hatukuwa tumewahi kusikia Baba akiulizwa swali lake. Alivua kofia, akaizungusha mikononi.

"Maana yake," alisema taratibu, "ni kumsaidia abaki nacho."

Mama aliingia ndani. Alipotoka alikuwa ameshika panga. Alimpita Baba bila kumtazama, na penye njia panda akageuka kushoto.

Masika yakaja bila mabati. Wiki moja kabla ya zamu ya Mama, tulisikia ngoma kwenye kijia. Mama Naliaka alitokea mbele, nyuma yake wanawake wa kanisa lake, kila mmoja na tita la nyasi kichwani, na wanawe wakibeba ngazi. "Leo Walutheri mtaamka!" alipiga kelele. Kufikia jioni tulikuwa na paa jipya. Zamu ilipofika mvua ilinyesha mchana kutwa na hakuna tone lililoingia. Akina mama walikula ingokho, kuku wa kwetu, harufu ya nyasi mpya imejaa nyumba, na Mama ameketi katikati yao kama bibi harusi.

Mabati yalipanda mwaka uliofuata. Ajabu, Mama akalalamika kwamba mvua ikiyapiga hamsikii Baba akiomba. Mimi pia mpaka leo huota lile paa la nyasi, mvua ikitoka msituni kwa miguu ya paka, na wimbo wa polepole wa Baba ukipita katikati yake.

Chini ya vigae vyangu sisikii mvua kabisa. Juzi alasiri mvua ya mawe yenye upepo iling'oa paa la kijana na mkewe, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilijua kwa simu. Kundi letu la mtaa lilijaa picha za viganja vya kuomba, nami nikatuma changu, nikarudi kwenye chai yangu.

Na maana yake ni nini?

Nilisikia sauti ile kama vile ameketi mbele yangu, obusuma ukipoa. Niliacha chai mezani, nikaenda kutafuta gambuti zangu za matope.