Mfuko wa Mchanga Mguuni mwa Atieno

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Migori miaka ya tisini, nilikabidhiwa mfuko wa mchanga. Nilikuwa kijana aliyemaliza darasa la nane tu, nikiota koti jeupe.

"Wewe fundi wa mchanga, usicheke," mkuu wa chumba cha plasta aliniambia. "Huo ndio unaonyoosha paja."

Akanieleza. Paja likivunjika, misuli huvuta vipande vya mfupa vikapandana, mguu ukawa mfupi. Kwa hiyo tulibandika utepe mpana mguuni, tukafunga kamba, ikapita juu ya gurudumu dogo mwisho wa kitanda, mfuko ukaning'inia. Mtoto alilala hivyo kwa majuma.

Atieno, wa miaka minane, aliletwa kutoka upande wa Ndhiwa. Alikuwa ameanguka kutoka mkokoteni wa ng'ombe. Aliyemuuguza ni nyanya yake, tuliyemwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Majuma yalipita, picha ya eksirei ikaonyesha mfupa bado umepandana, tena unaanza kushikana vibaya. Hatukuelewa, mpaka nilipopeleka uji nikakuta kigoda chini ya mfuko, kamba imelegea.

"Dani, nani ameweka hiki?" nilimuuliza.

"Ni mimi. Mtoto analia, na nyinyi mmemfunga mzigo kama punda. Nampumzisha tu."

Mkuu hakumgombeza. "Mfupa wa mtoto hujirefusha kidogo wenyewe," alisema, "lakini hapa umepandana kupita kiasi. Atachechemea maisha yake yote. Mpeleke Homa Bay apasuliwe."

Niliwasindikiza. Daktari mpasuaji alishika picha kwenye mwanga wa dirisha. "Nitafungua, nitenganishe mfupa, niulaze sawa, nikaze kwa bamba la chuma na skrubu."

Nyanya aliruka. "Chuma ndani ya mtoto? Basi nikatwe mimi!"

"Dani," sista wa wodi akamwambia, "ukikatwa wewe, atatembea yeye?"

Nyanya akamvua Atieno rozari shingoni, akaivaa mwenyewe. "Mchukueni."

Daktari alinibakiza Homa Bay. "Aliyeona kigoda namtaka hapa," alisema aliposikia kisa. Hivyo ndivyo nilivyohamishwa.

Atieno aliposimama tena, nyanya alipiga magoti, akapitisha kidole chini ya kila kisigino. "Vyote vimefika chini," alisema, akalia kwa sauti.

Sasa nimestaafu mapema, lakini macho bado yako kazini; hufuata miguu ya watoto. Juzi mmoja alipita sokoni akichechemea. Nikainuka haraka. Akaketi, akatoa kokoto kwenye kiatu, akakimbia zake. Mke wangu alicheka sana. Mimi nilikaa polepole, nikivitazama visigino vya yule mtoto mpaka akapotea.