Tone la Damu ya Esta

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyojifanya nabii kwa sababu ya kioo kidogo chenye damu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, laborantini mpya, mpimaji wa maabara ya hospitali, hapa Uvira, na koti langu jeupe nililivaa hata nikipita sokoni Kasenga, watu waone. Ujana, weee!

Kazi yenyewe niliipenda kweli. Ninyi siku hizi mnaingiza damu kwenye mashine, mnakunywa chai, majibu yanatoka. Sisi tulihesabu kwa jicho, chembe nyeupe mia moja, moja moja, chini ya darubini. Ziko zile nilizoziita askari, zinazokimbilia kidonda kabla ya nyingine, na ziko ndogo za mviringo, hizo niliziita walinzi. Sasa daktari wetu alikuwa ametueleza jambo lililoninyima utulivu. Mgonjwa wa kansa ya mfupa, alisema, damu yake kabla ya kupasuliwa inaweza kudokeza kama ataishi muda mrefu baada ya kupasuliwa. Askari wakiwazidi sana walinzi, dalili si nzuri. Nikajiuliza, damu inajuaje? Nani kaiambia? Hata leo na mvi zangu hizi najiuliza.

Basi akaletwa Esta, msichana wa miaka kumi na saba kutoka Makobola, goti limevimba, kansa iko ndani ya mfupa. Mguu ulipaswa kukatwa. Daktari wa kupasua alikuwa anatoka Bukavu, angefika Alhamisi na kurudi Jumamosi, na hakuna aliyejua angekuja tena lini. Jumanne nikahesabu damu ya Esta. Askari walikuwa wengi mno. Nikahesabu tena, ikawa vilevile.

Nje ya mlango alikuwa amesimama shangazi yake, ndiye aliyelala naye hospitalini na kumpikia. Akaniuliza polepole, "Binti, damu ya mutoto iko namna gani?"

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Ningemwambia amngoje daktari, yaishe. Lakini nilijua kitu, na kule kujua kulikuwa kunaniwasha. Nikasema, "Haiko muzuri, Mama. Wenye damu ya namna hii, hata wakikatwa hawakawii kutuacha."

Jumatano asubuhi kitanda cha Esta kilikuwa kitupu. Ndugu zake walikuwa wamekuja kumchukua. Unawajua watu wetu, mgonjwa aliyekatiwa tamaa haachwi afie ugenini, anarudishwa walikozikwa babu zake. Tena walikuwa wamesema, kama ni kufa, basi azikwe na miguu yake miwili.

Mkuu wa labo, Mzee Mulonda, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye kiti changu, akaitazama damu ile kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Huyu Esta uliongea naye?"

"Hapana, Mzee."

"Kwa hiyo haujui kama iko na homa, ao jino bovu, ao kidonda. Hao askari wako wanakimbilia hata jipu, weye! Na kama ni kansa ndiyo iliwaita, chukua watu mia wenye damu hii. Wengi watatutoka mapema, wengine watazeeka. Esta iko kundi gani? Nionyeshe hapa kwenye kioo."

Akanituma nipande pikipiki, nimfuate mwenyewe.

Kufika Makobola, kitu cha kwanza nilichoona ni kuni. Kwetu jirani haji mkono mtupu msibani, analeta kuni za kupikia na za kuota moto kwa wale wanaolala kilioni. Esta alikuwa hai, amekaa mkekani mlangoni, na kuni za kilio chake zilikuwa zimekwisha kupangwa mbele ya macho yake. Mama yangu! Nilitamani ardhi inimeze.

Nikapiga magoti mbele ya wazee. Baba mkubwa wa Esta akafoka, "Jana damu ilisema atakufa, leo inasema atapona?"

"Haikusema kitu, Baba," nikajibu. "Ni miye nilisema."

Ndipo Esta akaongea. "Dada, kwani damu yangu iko na nini?"

Hakulia. Alitaka kujua tu, kama mimi. Nikakaa naye mkekani nikamweleza yote, askari, walinzi, na namna tunavyohesabu. Kisha nikamuuliza yale ambayo sikumuuliza Jumanne. Akapanua kinywa: gego limeoza, ufizi umejaa usaha. Nikamwambia sijui kama askari wamekuja kwa ajili ya jino au mfupa, labda vyote viwili. Akafikiri kidogo, akamgeukia baba yake mzazi, aliyekaa kati ya wazee.

"Papa, kama damu yenyewe haijui, twende nikatwe."

Tukarudi naye siku ileile, jino likang'olewa. Ijumaa mguu ukakatwa.

Sitakudanganya, Esta hakuzeeka. Kansa ilirudi, ikashika mapafu, akatutoka baada ya miaka sita. Huenda damu ile ilikuwa na neno lake. Lakini miaka sita, mwanangu! Alijifunza kushona, akakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, akagombana na wateja, akaolewa, akazaa mtoto mwenye maswali kuliko mama yake. Siku moja aliniambia, "Dada, kidogo tu uninyime hivi vyote." Yeye alisema akicheka. Mimi niliumia.

Kwa hiyo usiache kuchungulia damu, na usiache kushangaa. Kuuliza si ujinga. Ila mgonjwa muulize kwanza, majibu yapeleke kwa daktari, na penye kutojua sema sijui, hata kama koti lako ni jeupe kiasi gani. Hesabu inatufundisha juu ya wengi. Huyu mmoja aliye mbele yako, hajahesabiwa bado.

Nenda kazini, mwanangu. Mungu akupe jicho lisilochoka na kinywa kinachojua kungoja, na kila atakayekunyooshea mkono umtoe damu, aondoke kwako akiwa bado na kesho yake.