Majani ya Springi na Mgongo wa Baba

Mwaka niliorudi Karatu na shahada ya uhandisi mitambo na hasira za mtu asiye na kazi, baba yangu alikuwa anatafuta mnunuzi wa pikapu yake. Daktari alimwambia wazi: mgongo huu ukiendelea kutikiswa hivi, achana na usukani. Baba alikuwa akipeleka unga, sukari na sabuni kwenye viduka vya Nainokanoka, kijiji cha milimani ng'ambo ya ukingo wa kreta, tangu sijaanza darasa la kwanza, na kule juu magari ni ya kuhesabu. Aliposema anauza alikuwa anatazama ukuta. Iliniuma kuliko barua zote za kunyimwa kazi.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nikamuuliza mgongo unauma zaidi lini, akipanda na mzigo au akirudi. Akafikiri, akasema akirudi, gari likiwa tupu. Hapo nikaruka kama niliyeng'atwa na siafu, maana swali hilo nilishalifanyia mtihani.

Chuoni tulifundishwa milinganyo tofautishi, ile hesabu isiyouliza kitu kiko wapi tu, bali kinabadilika vipi. Ukilivua gari rangi na mapambo, linabaki na mambo matatu: uzito wake, springi inayolirudisha likishuka, na shokapu inayolizuia lisiendelee kudundadunda. Yaweke matatu hayo kwenye mlinganyo mmoja, utakuambia gari litatikisika haraka kiasi gani na litatulia baada ya muda gani. Springi zikiwa ngumu na uzito ukiwa mdogo, mtikisiko ni wa harakaharaka, na unaishia kwenye uti wa mgongo wa dereva.

Sasa huku kwetu gari zuri ni gari gumu. Fundi wa baba, mzee wa Ganako aliyepata kipaimara siku moja na yeye, alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa: kuongeza jani la springi, lile bamba la chuma lililopinda linalobeba gari. Jani moja likivunjika, anaweka mawili. Baba akilalamika mgongo, anaweka jingine ili gari lisimame imara. Shokapu zenyewe zilishakauka mafuta na hakuna aliyejali. Nilipomweleza fundi hesabu yangu alinisikiliza huku akifuta mikono, halafu akauliza kama gari tutalipakia mahindi au zile karatasi zangu. Gereji nzima ikacheka. Nilichukia jamani, nilitamani kumrushia spana.

Lakini baba alikubali tujaribu. Nikamuuliza anabeba nini, akanitajia mifuko, katoni na madumu, nikaandika kilo zote na kukaa na hesabu siku tatu. Fundi akatoa majani matatu kila upande na kufunga shokapu mpya, akinung'unika. Jumanne asubuhi baba akaondoka.

Alirudi jioni akisema chasisi ilikuwa inagonga ekseli mlima mzima. Springi zilikuwa zimelala kabisa, na mgongo wake ulikuwa umekaza hata ikabidi mama amshike kumshusha. Fundi hakunicheka safari hii, na hilo liliniuma zaidi. Nilijifungia jikoni nikalia. Mnunuzi alishapatikana, na alikuwa anakuja Jumamosi.

Kesho yake nikarudia hesabu toka mwanzo, sikuona kosa. Nikamfuata baba kitandani, nikamwomba anisimulie safari nzima, kituo kwa kituo. Kumbe! Alipopita lango la hifadhi tu alipakia akina mama wanne na ndoo zao. Mbele kidogo wazee wawili na mbuzi. Halafu mgonjwa aliyetoka hospitali na ndugu zake watatu. Watu kumi, mbali na mbuzi. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sijivunii, kwa nini hakunitajia hao.

"Uliniuliza mzigo," alisema. "Hao ni watu."

Huwezi kumpita mtu anayetembea kwenye ukungu wa ule ukingo wa kreta, labda uwe hukulelewa. Kumbe mlinganyo wangu ulikuwa sawa, ila uzito niliouweka ndani yake ulikuwa wa gari ambalo baba hajawahi kuliendesha.

Nikaenda kwa fundi nikiwa mpole, jambo ambalo si kawaida yangu. Nikamwamkia, nikakiri nilipokosea. Alichukua kijiti akachora chini: majani machache laini ya kila siku, na juu yake jani moja nene lisiloguswa mpaka gari lilemewe. Aliliona kwenye malori yanayobeba mahindi ya Endabash. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Yeye alikuwa na umbo, mimi nikatafuta unene wa jani lile na nafasi ya kuacha chini yake. Tulifanya kazi mpaka Alhamisi jioni tukibishania kila bolti, na nilifurahi kuliko siku yoyote ya chuo.

Ijumaa baba akapanda tena, mama akiwa hataki hata kumsikia. Nilishinda uani nikijifanya napepeta maharage. Aliporudi alikaa kidogo kwenye usukani, kisha akashuka mwenyewe, polepole, akajinyoosha. Mgongo haukuwa umepona, na hautapona kabisa.

"Mpigie yule mnunuzi asije," aliniambia. "Jumanne kuna watu wananisubiri. Na wewe tunakwenda wote."

Tulikwenda. Njiani tulipakia watu wanane, na kwenye ule mlima nilisikia jani nene likipokea uzito, bila kishindo. Tulipofika Nainokanoka, koko mmoja, ndivyo bibi anavyoitwa kule, akamuuliza baba huyu binti ni nani. Baba alikuwa anafungua kamba za turubai, wala hakunitazama.

"Ndiye aliyenirudisha barabarani," alisema.

Nikageuka haraka nikajitwika mfuko wa unga ambao, kusema kweli, sikuuweza.