Shakwe Aliyekula Kichwa Changu cha Samaki

Nimewaonea wivu wanaume wengi, maana mke wangu akipita sokoni Newala hata mizani hujisahau. Lakini wivu ulionikondesha mpaka suruali ikaomba kamba niliupata kwa ndege.

Mke wangu anauza samaki wa kukaanga. Huwafuata Mikindani, na huwapaa magamba na kuwatumbua hukohuko pwani kwa maji ya bahari. Huku juu kwetu maji ya kununua hayamwagwi kwa kuoshea matumbo ya samaki. Vichwa alikuwa akiniletea. Nyumbani kwetu kichwa cha samaki ni cha baba. Akila mtu mwingine, majirani huuliza kama baba kasafiri.

Msimu mmoja vichwa vikaacha kuja.

"Mama watoto, samaki wa siku hizi wanazaliwa bila vichwa?"

"Namwachia mteja wangu. Kuna shakwe mmoja pale, mpole huyo! Hata nikichelewa ananisubiri." Akacheka peke yake, kicheko ambacho sijakisikia tangu siku ya mahari.

Ananisubiri! Na mimi ninayemsubiri kituoni na ukungu wote wa Newala mabegani, nani ananisifu?

Safari iliyofuata nikajitolea kubeba ndoo.

Nilimtambua kabla sijaonyeshwa. Kichwa cheusi, kola nyeupe shingoni kama bwana harusi, mnene kama mbuzi wa sikukuu. Mke wangu alipotoa kisu tu, shakwe akatua mbele yake kwa kelele zilizofika Masasi.

"Leo hata shikamoo hunipi?" mke wangu akamwambia. Mimi sikuulizwa hata kama nimechoka.

Nikaona bora elimu isaidie. Masomo ya jioni niliyamaliza ukubwani, na baiolojia niliipenda kuliko chai. Nikasimama katikati ya akina mama waliokuwa wakipaa samaki, nikafundisha:

"Ndege huyu kazi yake ni kuokota vidagaa baharini. Nyinyi mmemharibu. Tazameni, vidagaa vinarukaruka pale, yeye macho kwenye kisu! Mkimaliza matumbo, anakwenda kuokota chipsi za watu."

Mama mmoja akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Shemeji, wewe si mkulima wa korosho? Umefuata nini huku pwani kama si kichwa?"

Walicheka mpaka magamba yakawadondoka mikononi. Nikapandwa na hasira.

"Leo vichwa vyote vinapanda Newala," nikasema. Nikavitia ndooni, nikafunika, nikaketi juu yake.

Nilidhani shakwe atarudi kwenye kazi yake. Wapi! Aliizunguka ndoo, akanililia, akaona bahari haimhusu. Kisha akaenda kwenye kifuko cha plastiki kilichotapakaa damu ya samaki, akaanza kukimeza. Ndege mzima mwenye bahari nzima mbele yake, anakula kifuko kwa sababu kinanukia kisu cha mke wangu! Nikawaza: shida yetu ya maji huko juu ndiyo imemsahaulisha huyu kuvua.

Nikamkimbilia. Kwa mbio zile ningefika Lukuledi kabla ya chai. Akaruka kidogo, kifuko kikining'inia mdomoni, nusu kimeshaingia. Nikarudi kwenye ndoo, nikachagua kichwa cha kolekole, kile kikubwa kuliko vyote, chenye mashavu niliyokuwa nimeyaota njia nzima. Nikamrushia.

Akakitema kifuko. Nikakiokota, nikakitia mfukoni.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "na wewe umeanza?"

Usiku ule nilikula kichwa kidogo, kitamu nusu.

Tangu hapo kila mke wangu akishuka garini, kabla sijapokea ndoo namuuliza, "Amekula?" Siku moja akanijibu huku amenuna.

"Amekula matumbo. Lakini hakutulia. Kila saa anachungulia nyuma yangu, anakutafuta wewe."

"Mimi?" Nikajikuta natabasamu mpaka masikio yakauma. "Kweli kanikumbuka? Basi safari ijayo nakuja, nimpelekee..."

"Safari ijayo," akasema, akininyang'anya ndoo, "wewe utabaki hapa na korosho zako. Yule ni wangu."