Kumpisha Mkwe

Hapa Ilomba, Mbeya, nikisema nimekulia kwenye tembo, watu wananionea wivu. "Una bahati wewe! Wenzio wanatoka Ulaya kuja kuwaangalia." Huwa nanyamaza, maana nikianza kujibu nitatukana. Bahati gani? Shamba letu liko Iringa, pembeni ya hifadhi, mahali ambapo mto ndio mpaka: ng'ambo kwao, huku kwetu. Hakuna aliyewasomea tembo huo mpaka; hata msitu wa huku kwetu wanalala humo, wanashuka mtoni kunywa.

Mama yangu alizaliwa Tukuyu, akaolewa Iringa na baba yangu, ambaye ni Mhehe. Alikuja na adabu zote za kwao, na kubwa kuliko zote ni ile ya mkwe. Kwao mwanamke akikutana njiani na baba mkwe wake, hapishani naye hivi hivi kama unavyopishana na mtu sokoni. Anatoka njiani, anachuchumaa kwenye majani, anageuza uso pembeni, anajitanda kitenge, anatulia mpaka mzee apite. Hamtazami, hamsemeshi. Babu yangu alifariki kabla mimi sijazaliwa, na mama akabaki na adabu isiyo na mwenyewe. Akampa tembo.

Si tembo yeyote. Alikuwa jike mzee, pembe moja imekatika ncha, mashavu yamebonyea kwa uzee, na ndiye aliyeileta familia yake mtoni kila kiangazi. Mama akamwita Mkwe. Majirani walimcheka mpaka basi. "Mama, mkwe gani ana maziwa kifuani?" Maana tembo jike matiti yake yako kifuani, kati ya miguu ya mbele, kama mwanamke. Mama naye hakukosa jibu: "Mkwe wako wewe amemzidi nini? Huyu angalau halewi."

Kati ya shamba letu na la jirani mama aliacha kipande kirefu bila kulimwa, kutoka msituni hadi mtoni. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya Mkwe. Kaka yangu, mkubwa wetu, alikuwa anakiangalia kipande kile kwa uchungu kila msimu wa vitunguu. Udongo mzuri ule, mweusi, umelala tu. Mama alimwambia, "Utalima hapo nikishakufa, na hata hapo utaniomba kwanza."

Kila kiangazi nilipanda basi kutoka Mbeya kwenda kumsaidia kulinda shamba. Tulikaa juu ya ulingo, jukwaa la miti alilojenga baba ili tumwone mnyama kabla yeye hajayaona mahindi. Tulikuwa na debe la kugonga. Nyani waligongewa, nguruwe waligongewa, lakini akitokea Mkwe debe halikuguswa. Alasiri jua likianza kupoa ungemwona amesimama ukingoni mwa msitu, mkonga juu, ananusa. Nyuma yake wote wamesimama, hata vitoto vinavyocheza vimetulia. Akishuka yeye, ndipo nao wanashuka, watoto katikati, wakubwa pembeni, kwenye kipande chao, na hakuna aliyenyoosha mkonga kwenye mahindi yetu. Ukinibishia, bisha, mimi nilikuwepo.

Kama mama alikuwa chini wakati huo, akichuma mboga au akiteka maji, alifanya vile vile anavyomfanyia mkwe. Alitoka njiani, akachuchumaa, akageuza uso. Mkwe alipita karibu naye, akisita kidogo, halafu akaendelea. Mama akasubiri mpaka wa mwisho apite ndipo akainuka, akasema, "Ndaga," yaani asante, kwa lugha ya kwao. Mimi juu ya ulingo nilikuwa nimelikumbatia debe.

Aliwajua kama mtu anavyoujua ukoo wake. "Yule aliyechanika sikio ndiye binti yake mkubwa. Ana hasira yule, utadhani nimemzaa mimi pamoja na wewe." Nikacheka, ningefanyaje, ni kweli. "Yule mwembamba hana mtoto. Kazi yake kulea wa wenzake. Kila nyumba ina shangazi kama yule." Siku moja kitoto cha yule wa sikio kilinasa kwenye tope la ukingoni. Mama yake alichanganyikiwa, akawa anazunguka anapiga kelele, anazidi kulikanyaga lile tope. Mkwe alimsukuma pembeni kwa bega, bila haraka, akapiga magoti ya mbele, akapitisha mkonga chini ya tumbo la mtoto, akamtoa. Halafu wote wakamzunguka yule mtoto, wanampapasa, wanamgusa mdomoni, shangazi mwembamba ndiye hakutaka kumwachia kabisa. Mama aliangalia jambo lile mpaka mwisho. "Binti bado hajaiva," akasema. "Bibi akiondoka leo, hawa wataungua."

Baba alipofariki nilitaka kitu kimoja tu duniani: mama aje akae na mimi Ilomba. Alikuwa amezeeka, magoti yanamuuma, na yuko peke yake kwenye nyumba iliyo karibu na msitu kuliko watu. Kaka anaishi kijijini, si pale shambani. Nilibembeleza, nikagomba, nikanuna. "Nikija Ilomba nitampisha nani?" aliniuliza. "Bajaji?" Ukigombana na mama yangu ulikuwa unaishia kucheka, na ukishacheka umeshindwa.

Mwaka uliofuata mto ulikauka mapema, likabaki dimbwi hapa na dimbwi pale. Mashamba ya chini yakaanza kuliwa. Mama alijua wanaokula ni nani: madume vijana yaliyokwisha kufukuzwa na mama zao, yanatembea bila mwenyewe. Alisimama mkutanoni akasema hivyo. Wakamwambia mama kaa chini. Watu walikuwa na njaa, wana hasira, na mimi siwezi kuwalaumu sana, mtu akiamka akakuta mahindi ya mwaka mzima yamelala chini utamwambia nini? Wakasema apigwe kiongozi, wengine wataogopa. Kata kichwa, mwili utaanguka. Wakaulizwa nani anakubali, mikono ikainuka. Mahindi ya kaka nayo yalikuwa yameliwa. Kaka aliinua mkono.

Mabwana nyama, askari wa wanyamapori, walikuja na bunduki, wakauliza kiongozi ni yupi. Kiongozi alikuwa anajulikana na kila mtu, tena alikuwa na njia yake. Walimngoja pale pale kwenye kipande cha mama, mchana kweupe. Alianguka karibu na maji. Wengine walikimbia, wakarudi, wakajaribu kumwinua kwa pembe na mikonga, risasi za juu zikawatawanya. Nyama iligawanywa kijiji kizima. Kaka alimletea mama fungu, akiwa amelifunga kwa majani. Mama alilitazama, akamwambia, "Baba yako alikuwa na baba. Ungemla?" Kaka akaondoka na fungu lake. Habari hizo zote nilizipata kwa simu, nikalia kazini.

Nilipofika tembo walikuwa wameshaanza kurudi kwenye mifupa. Nimefika kwenye misiba mingi, lakini ule sitausahau. Walikuja kimya. Yule wa sikio aliokota taya la mama yake kwa mkonga, akalizungusha, akaliweka chini, akaliokota tena. Shangazi mwembamba alikuwa anapitisha ncha ya mkonga kwenye matundu ya macho. Hakuna aliyekunywa maji mpaka jua lilipozama. Mama alilia kwa sauti juu ya ulingo, na mimi nikalia naye. "Wamefiwa," akasema, "na hawana wa kuwapa pole."

Baada ya hapo walivurugika. Walikuja bila kusimama msituni, wanakimbia, vitoto mbele, wakubwa nyuma. Njia ya Mkwe wakaikwepa kabisa. Yule wa sikio alikuwa anafukuza kila kitu: ng'ombe, baiskeli, mpaka kivuli cha mtu. Watu walisema tembo wamepandwa na mashetani. Mashetani ya wapi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyosema, lakini hawa mkuu wao tulishamgawana kwa mafungu.

Nikamwambia mama sasa inatosha. Chumba nimeshapaka rangi, kitanda kipo, shuka mpya. Akaniangalia, nadhani kwa mara ya kwanza aliona jinsi nilivyoogopa. "Sawa mwanangu," akasema. "Tung'oe vitunguu, twende." Sijawahi kung'oa vitunguu kwa furaha kama ile.

Siku ya kuondoka tuliamka, tukanywa chai, kaka alikuwa anakuja na pikipiki kutupeleka stendi. Mimi nilikuwa uani nafunga begi lake. Yeye alishuka na sufuria mtoni kulisugua kwa mchanga, maana hakutaka kuacha chombo kichafu. Nikasikia matawi yanavunjika. Nilipanda ulingo. Walikuwa wanatokea msituni, kwenye kipande, kwenye njia ya Mkwe, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mifupa. Wa sikio alikuwa mbele, na mama alikuwa anapanda kutoka mtoni katikati ya njia.

Angeweza kukimbia. Magoti yanauma, lakini mti mkubwa ulikuwa karibu, na tope wanaloliogopa lilikuwa karibu, na mimi nilikuwa nagonga debe mpaka mkono ukachanika. "Mama, toka! Siye Mkwe! Mama, siye!" Alinisikia, najua, maana aliinua mkono kidogo kama mtu anayesema nyamaza. Aliweka sufuria chini. Akatoka njiani hatua chache, akachuchumaa kwenye majani, akajitanda kitenge, akageuza uso.

Yule wa sikio hakufundishwa. Alikuwa akipita nyuma ya mama yake siku zote, na aliyekuwa anasita ni mama yake, na aliyekuwa anaamua ni mama yake. Yeye aliona binadamu amejificha majanini mahali pale pale alipouawa mzazi wake. Sitaeleza zaidi ya hapo. Mama yangu hakugeuka, kwa hiyo hakuona.

Hawakuondoka mara moja. Walisimama pale, kisha shangazi mwembamba akavunja tawi akamwekea juu, na mwingine akavunja, mpaka mama akafunikwa. Wako wanaoniambia hiyo ilikuwa toba, au heshima, au mapenzi. Wakiniambia hivyo ninainuka natoka nje. Kaka alifika na pikipiki akanikuta nimepiga magoti ninaondoa matawi, nikamwambia kwa kinywa changu: ni yule wa sikio.

Mabwana nyama walikuja kaburi likiwa linachimbwa. Mkubwa wao alivua kofia, akatupa pole vizuri, halafu akanigeukia. "Dada, wewe ndiye uliyekuwepo. Ni yupi?"

Nilitaka afe. Nilitaka afe mbele yangu, polepole, na mimi nimesimama. Lakini alikuwa na kitoto kinachonyonya, kile cha tope, na nyuma yake hakuna mkubwa aliyebaki zaidi ya shangazi na majike yasiyojua lolote. Tulipomuua mama yake tulimpata binti. Tukimuua binti tutampata nani? Na watoto wa kaka wanateka maji mto ule ule.

"Sikumwona vizuri," nikasema. "Macho yalijaa machozi."

Kaka alikuwa ndani ya kaburi, na jembe. Aliinua kichwa, akanitazama. Alijua. Kisha akamwambia bwana nyama, "Dada alikuwa mbali. Hakuna aliyeona." Akainama, akaendelea kuchimba.

Kipande hakijalimwa mpaka leo, kaka hakuomba. Kiangazi naenda. Wanapita hapo tena siku hizi, na juzi juzi nilimwona yule wa sikio akisimama ukingoni mwa msitu, mkonga juu, na wote nyuma yake wametulia. Ameiva. Mimi nakaa juu ya ulingo wa baba, namtazama usoni, namtukana kwa lugha ya mama, na siteremki kumpisha.