Mjomba Katika Mstari wa Mwisho

Kuna mambo ambayo mtu huyasimulia akicheka ili wenzake wasimtangulie kumcheka, na hili langu nimelisimulia hivyo mara nyingi, kazini, kwenye jumuiya, hata kwenye foleni ya kukoboa mpunga. Lakini leo, kwa kuwa mmeniuliza kwa upole, nitalieleza kama lilivyokuwa. Mimi Felista, afisa ubora wa mradi wa mpunga, mwanamke niliyesoma hadi chuo na ambaye majirani zangu wa Lipangalala huniletea barua zao niwasomee, nilimfedhehesha kaka yangu wa tumbo moja mbele ya wakwe, kwa kipaza sauti, na kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Chanzo kilikuwa semina. Mradi ulinipeleka Morogoro, na huko mwezeshaji mmoja mwenye sauti ya taratibu alitufundisha chombo kinachoitwa matriksi. Unachora jedwali, kazi au matatizo unayapanga mstari kwa mstari kushuka chini, vigezo vya kupimia unavipanga juu safu kwa safu, na kila kigezo unakipa uzito wake, kisha pale mstari unapokutana na safu unajiuliza, je, hivi viwili vinahusiana kwa kiasi gani? Uhusiano mkubwa ni duara mbili, alama tisa; wa wastani ni duara moja, alama tatu; hafifu ni pembetatu, alama moja; pasipo na uhusiano unaacha wazi. Unazidisha kwa uzito, unajumlisha, na yenye jumla kubwa ndiyo inayotangulia. Nilikipenda chombo kile kama mtu anavyopenda miwani yake ya kwanza.

Na hakikunidanganya kazini, lazima niseme. Wateja walikuwa wakilalamikia mawe, chenga na harufu ya uvundo, na sisi tulikuwa tukilaumiana tu, wa ghalani akimsema wa mashineni, wa mashineni akiwasema wakulima. Nilipochora matriksi, duara karibu zote zilikusanyika kwenye uwanja wa kuanikia, ambao udongo wake ulikuwa umepasuka na kushika maji. Tukausakafia, malalamiko yakapungua, na meneja akanisifu mbele ya watu wote. Hapo ndipo kichwa changu kilipovimba (kusema kweli kilianza kuvimba nikiwa bado Morogoro).

Sasa, mwaka huohuo Yustina alikuwa anaolewa. Yustina ni mtoto wa marehemu dada yangu. Mama yake alipofariki nilimchukua akiwa bado ananyonya kidole, nikamlea. Ndoa ilipangwa mara baada ya Pasaka, kwa sababu Kwaresima haturuhusiwi kufunga ndoa, na kila mtu wa bonde hili anajua kwamba majira hayo ndiyo mto Kilombero hujaa ukafunika majaruba. Kamati ilikaa sebuleni kwangu, mimi nikiwa mwenyekiti. Kazi zilikuwa nyingi, watu wachache, na kila mmoja alikuwa akipiga kelele kwamba lake ndilo la kwanza, huyu turubai, yule keki. Nikakumbuka kwamba nilikuwa na karatasi ya manila niliyobakiza ofisini.

Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza. Karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito, basi.

Niliibandika ukutani, nikachora, nikawaeleza duara na pembetatu, na nakiri kwamba nilifurahia sana ukimya uliotanda. Vigezo vyangu vilikuwa vitatu: kikikosekana wageni wangapi wataona, kikikosekana hasara itakuwa kiasi gani, na je, kinaweza kukamilika kwa wakati. Chakula kikapata duara mbili pande zote. Turubai na viti vikafuata. Mashada ya maua, ambayo hakuna mtu aliyeyataja kabla, yakapanda hadi nafasi ya tatu kwa sababu kila mgeni angeyaona. Chini kabisa kulikuwa na mistari miwili: vitenge vya mama mkwe, na kumfuata mjomba Lupiro.

Mjomba huyo ni kaka yangu Gaspari, katekista mstaafu, ambaye alibaki Lupiro, ng'ambo ya mto, katika nyumba tuliyozaliwa sote. Katika ukoo wetu bibi harusi hatoki chumbani kwenda kanisani mpaka mjomba amshike mkono na kumtoa. Na mjomba hupewa habari kwa kufuatwa nyumbani kwake. Lakini mto ulikuwa umejaa, kivuko hakikuwa cha kutegemewa, na kwenda huko kungemlia mtu mmoja wa kamati siku nzima au zaidi. Wageni watakaoona: pembetatu. Kukamilika kwa wakati: wazi. Nikajumlisha, nikaandika pembeni kwa herufi kubwa: IACHWE. KADI INATOSHA.

Wifi yangu Veronika, dada wa baba yake Yustina, alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchele.

“Feli,” akasema, “mjomba haitwi kwa kadi kama jirani. Unakwenda, unakaa, unakunywa maji yake, ndipo unasema lililokuleta.”

“Wifi, hapa hatupimi kwa mazoea. Tunapima kwa vigezo.”

“Haya, basi niandikie na mimi kigezo changu: mjomba akikasirika.”

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, na sikukiandika. Kadi nilimkabidhi mchuuzi wa samaki aliyekuwa akirudi Lupiro na baiskeli yake, nikaona nimemaliza.

Siku ya harusi nilikuwa Kibaoni tangu asubuhi nikihangaikia maua (yale yale ya nafasi ya tatu), na niliporudi nimeyakumbatia mashada hadi puani, nikamkuta kaka Gaspari sebuleni. Kumbe alikuwa amevuka kwa mtumbwi. Alivaa koti lake la kanisani, suruali imelowa hadi magotini, viatu ameviweka sakafuni mbele yake vikauke. Msichana mmoja wa mapishi, ambaye hakumjua, alimkaribisha kwenye kiti kinachotazamana na manila. Katika pilikapilika zote zile sikuwa nimeibandua. Nilikuwa ninaionea fahari.

Aliinuka. Akavua kofia, akainamisha kichwa, akasema kwa adabu zote:

“Shikamoo, Mwenyekiti.”

Mnaelewa wenyewe. Kaka aliyenibeba mgongoni, ananiamkia mimi! Nilitakiwa kuyatupa maua yale chini palepale na kumpigia magoti. Badala yake niliita, “Kaka jamani, karibu sana, nakuja sasa hivi,” kwa kuwa nje walikuwa wakiniita, na nikatoka. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko yote yaliyofuata. Nilimwacha mara ya pili, safari hii mbele ya ile karatasi.

Upande wa bwana harusi walifika, wakaketi chini ya turubai, na Yustina alikuwa tayari chumbani, shela kichwani, dirisha wazi akisikiliza. Padri alikuwa ametuonya kwamba siku hiyo ana ndoa nyingine na hatamngoja mtu. Mshereheshaji, kijana wa mtaani kwetu mwenye maneno mengi, akashika kipaza sauti: “Sasa tunamwomba mjomba, mwenye mkono wa baraka, akamtoe binti yetu!”

Vigelegele. Hakuna aliyeinuka. Nikatazama huku na huku, nikamwona kaka Gaspari ameketi mwisho kabisa, nyuma ya turubai, kati ya akina mama wanaosuuza sahani.

“Mjomba, tunakungoja,” mshereheshaji akarudia.

“Bado hamjanifikia,” kaka akajibu bila kuinua sauti. “Mimi niko nyuma ya maua, na nyuma ya keki. Ilete karatasi iliyo sebuleni, utaona utaratibu ulivyo.”

Kijana yule akadhani ni ratiba ya shughuli. Kabla sijapenya katikati ya viti alikwishaibandua, akaikunjua mbele ya hadhara, na kwa sauti ileile ya kusifia akaanza: “Namba moja, chakula! Namba mbili, turubai na viti! Namba tatu, mashada ya maua!” Watu wakawa wanaitikia kwa makofi, na makofi hayo yalimtia ari asiache kusoma hata alipoona nampungia mikono. “Namba ya mwisho kasoro moja, vitenge vya mama mkwe, pembeni wameandika, vikipatikana! Namba ya mwisho, kumfuata mjomba Lupiro, iachwe, kadi...”

Hapo akaishusha karatasi. Spika ikabaki ikikoroma peke yake.

Mshenga wao akasimama polepole, akarekebisha koti. “Ndugu zetu,” akasema, “tunashukuru kujua nafasi yetu. Angalau mama mkwe amemshinda mjomba kwa mstari mmoja.” Upande wao ukaangua kicheko, upande wetu ukatazama chini. Mama mkwe mwenyewe hakucheka. Baba yake Yustina aliniangalia mara moja tu, kisha akageukia barabarani. Nilimpigia kaka magoti pale penye maji ya sahani, na gauni langu la satini ya njano, nikasema, “Kaka, nisamehe, nilikosea.” Akawa anaitazama miguu yake. Nami nikaitazama ile suruali iliyolowa, na ndipo nilipokumbuka, kana kwamba kuna mtu ameniwashia taa, kwamba nami nilipokwenda chuo mto ulikuwa umejaa hivihivi, na ni yeye aliyenivusha, amesimama na upondo wake tangu ukingo hata ukingo, huku mimi nikilia kwa woga na kukumbatia sanduku langu. Hakuuliza kama inawezekana. Aliuliza tu natakiwa kuripoti lini.

“Jamani, Padri,” mtu akanong'ona.

Ndipo sauti ya Yustina ikatoka dirishani, nyembamba lakini imara: “Mjomba, hao wameandika, mimi sikuandika. Mimi nakungoja. Padri akiondoka, aondoke.”

Kaka akainuka. Akafuta mikono kwa leso, akapita kando yangu nikiwa bado magotini, akaingia ndani, akatoka amemshika mtoto wetu mkono. Hata mshenga alisimama. Tulifika kanisani Padri akiwa ameshika ufunguo wa mlango, lakini ndoa ilifungwa. Jioni nilipomtafuta kaka nimpatie chakula, alikuwa amekwishavuka.

Nilimfuata Lupiro wiki iliyofuata. Niliketi, nikanywa maji yake, nikasema lililonileta. Nilipomwamkia aliitika “Marahaba,” na akanipa kuku wa kurudi naye. Si mtu wa kinyongo cha wazi. Lakini tangu siku ile hajavuka kuja kwangu. Nikimwalika hujibu kwa tabasamu, “Nipo kwenye foleni, Mwenyekiti. Nikifikiwa nitakuja.” Nami hucheka naye, kisha nikiwa kwenye kivuko ninarudi, silioni la kuchekesha.

Matriksi bado naichora kazini, nami siilaumu. Ilinijibu sawasawa kile nilichoiuliza. Safu aliyoisema wifi Veronika ndiyo iliyokosekana, na niliicheka kwa mdomo wangu.

Sasa Yustina amejifungua mtoto wa kiume, na ubatizo ni baada ya Pasaka. Juzi tulikaa kupanga, mto umejaa tena, na wifi alipouliza nani atakwenda Lupiro, nilisimama kabla hajamaliza, nikafungua kabati kutafuta viatu vya kulowana. Akaniangalia.

“Na karatasi yako je?”

“Nitakwenda mikono mitupu, wifi,” nikamwambia. “Huenda safari hii akarudi nami.”